Krimu ao buluu? Namna ya kuchagua rangi ya chumba hapa Kalemie

Mbele ya kenkayeri, ndoo mbili za rangi zinaweza kusimamisha mume na bibi yake kwa saa nzima. Mama anataka krimu, sababu salo yao iko giza hata saa sita ya mchana. Baba anataka buluu ya mbingu, ile inaandikwa «bleu ciel» kwenye ndoo.

«Mama, krimu itachafuka mbio. Batoto banashika ukuta na mikono ya mafuta.»

«Papa, na buluu tutawasha lampe tangu mchana?»

Mwenye duka anangoja tu. Kwake ndoo zote mbili ni sawa, paka mtu alipe.

Mabishano haya yanasikika katika kartiye zote, kutoka Lubuye mpaka Kataki, na siyo mambo ya urembo peke yake. Familia nyingi zinapaka chumba mara moja kwa miaka mingi. Franka zikishatoka, rangi itakaa hapo ukutani, ikupendeze ao isikupendeze. Tena, mama na baba wa hapo juu wote wawili wana haki. Krimu inaleta mwangaza, na kweli inaonyesha kila alama ya kidole. Buluu inaficha uchafu kidogo, na kweli inakula mwangaza.

Tuanze na mwangaza, sababu njo watu wengi wanausahau wanapokuwa dukani.

Ukuta hautoi mwangaza wake mwenyewe, unarudisha tu ule unaoupokea. Katika kila sehemu 100 za mwangaza zinazogonga ukuta wa krimu nyepesi, karibu 75 ao 80 zinarudi ndani ya chumba. Buluu ya mbingu inarudisha karibu 50 ao 60, kufuatana na wingi wa buluu iliyotiwa. Buluu iliyokolea sana inarudisha 10 ao 20 hivi. Ukuta wa simenti usiopakwa kitu, ule wa majivu tunaouona katika nyumba nyingi ambazo hazijaisha, kwa kawaida haufiki 40.

Mtu anaweza kusema tofauti ya 80 na 50 ni ndogo. Lakini mwangaza haugongi ukuta mara moja tu. Unaingia kwa dirisha, unagonga ukuta wa mbele, unarudi kwenye ukuta wa nyuma, unapanda kwenye plafo, unashuka tena. Kwa ukuta unaorudisha 80, sehemu 100 zinakuwa 80, kisha 64, kisha 51. Kwa ukuta unaorudisha 50, zinakuwa 50, kisha 25, kisha 12. Baada ya kugonga mara tatu tu, mwangaza uliobaki kwa krimu ni mara nne ya ule uliobaki kwa buluu. Katika chumba cha kweli tofauti haifiki hapo, sababu kuna sakafu, kitanda, pazia na vichwa vya watu vinavyokula mwangaza pia. Lakini kwenye kona ya mbali na dirisha, pale mtoto anapoweka kiti chake na daftari, tofauti hiyo inaonekana kwa macho.

Usiku jambo linakuwa kali zaidi. Umeme wa SNEL hapa unatoka kwenye kituo cha maji cha Bendera, kaskazini mwa mji, na kila mtu anajua kwamba kuna siku kuran inapatikana na kuna siku haipatikani. Nyumba nyingi zinaishi na lampe ndogo ya jua, ao ampule moja inayopata nguvu kutoka panneau iliyo juu ya manjanja. Lampe ya namna hiyo ni dhaifu. Ukiiweka karibu na ukuta wa krimu, ukuta wote unakuwa kama lampe ya pili. Ukiiweka karibu na ukuta wa buluu iliyokolea, unabaki na duara moja ya mwangaza juu ya meza na giza pande zote. Mtoto wa sekondari anayesoma mtihani wa serikali chini ya lampe hiyo hatajua kwamba rangi ya ukuta imemchosha macho, atasema tu usingizi umemshika.

Kwa hiyo, kama chumba kina dirisha moja dogo, ao dirisha linatazama ukuta wa jirani, hakuna haja ya kubishana sana. Krimu ao nyeupe kwa sehemu kubwa ya ukuta, na plafo nyeupe kabisa. Plafo ndiyo inapokea mwangaza wa kwanza unaorushwa kutoka chini, na hakuna mtoto anayeifikia kwa mikono. Kama pesa haitoshi chumba chote, anza na plafo.

Lakini siyo kila chumba cha Kalemie kiko giza. Mji wetu uko kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa, maana yake ziwa liko mashariki na jua linatokea majini. Chumba chenye dirisha kubwa upande wa ziwa kinapokea jua la asubuhi mara mbili, moja kutoka angani na moja linalorudishwa na maji. Ndani ya chumba kama hicho ukuta mweupe kabisa unaweza kuumiza macho mpaka saa tatu ao saa nne. Hapo buluu nyepesi inatuliza. Mchana jua likihamia upande wa milima, chumba hicho hicho kinapoa na kuwa na kivuli, na buluu inaanza kuonekana kama majivu. Kwa hiyo anayekaa chumbani asubuhi tu, kama mama anayeshona karibu na dirisha, na anayerudi kazini saa kumi na moja hawaoni rangi moja, hata kama ukuta ni mmoja.

Na kuhusu kushona, neno dogo: mwenye kushona ao kuuza vitenge asipake chumba chake buluu. Ukuta wa buluu unarusha buluu kidogo juu ya kila kitu. Kitenge cha manjano kitaonekana cha kijani kidogo, na mteja akitoka nje kwenye jua atarudi kuuliza kwa nini amebadilishiwa.

Ampule nayo inabadilisha rangi. Ile ya zamani yenye waya, inayotoa mwangaza wa manjano, inafanya krimu ionekane ya joto, karibu na maziwa yaliyochemshwa, na inafanya buluu ionekane chafu, kati ya majivu na kijani. Ampule mpya nyeupe sana, kama zile za lampe za jua, inafanya kinyume: buluu inaonekana safi na kali, krimu inakuwa kama imepauka. Njo maana rangi iliyopendeza kwa jirani inaweza kukuchukiza kwako. Mmepaka rangi moja, lakini hamkuwasha lampe moja.

Kuna maneno mawili yanayosemwa juu ya buluu, na yote yanahitaji kupunguzwa. La kwanza, kwamba inaleta baridi ndani ya nyumba. Buluu inaweza kumfanya mtu ajisikie kwamba chumba kimepoa, lakini kipimo cha joto hakitabadilika. Joto la nyumba zetu linatoka juu, kwenye manjanja, na kwenye kuta za nje zinazopigwa na jua. Anayetaka nyumba ipoe aweke plafo, ao apake nyeupe kuta za nje. La pili, kwamba buluu inafukuza mbu. Hakuna rangi ya kawaida ya ukuta inayofukuza mbu wa malaria. Mbu anayepumzika mchana ndani ya nyumba anatafuta mahali penye giza na kivuli, na kwa ukuta wa krimu angalau unamuona na kumpiga. Kazi ya kulinda watoto inabaki kwa chandarua.

Sasa uchafu, ile haki ya baba. Mikono ya watoto, migongo ya watu wanaoegemea, viti vinavyosukumwa, moshi wa makala, udongo mwekundu unaoruka wakati wa mvua: vyote hivyo vinaacha alama, na karibu vyote viko chini ya mita moja na kidogo. Angalia ukuta wowote mweupe uliokaa miaka miwili. Juu bado ni safi. Chini kuna mstari wa uchafu unaofuata urefu wa bega la mtu aliyeketi.

Mafundi wa zamani walijua jambo hili. Ukiingia katika shule nyingi, vituo vya afya na maofisi ya zamani, utaona ukuta umegawanywa: chini rangi ya mafuta iliyokolea, inayooshwa na sabuni, na juu rangi nyepesi ya maji ao chokaa. Watu wengine wanaona hiyo ni sura ya hospitali na hawaitaki nyumbani. Ni kweli ukiweka kijani cha hospitali utajisikia unangoja daktari. Lakini buluu ya mbingu chini, krimu juu, na mstari ulionyooka katikati, ni chumba kizuri ambacho hakuna mtu atakayekicheka. Na mume na bibi wa mbele ya kenkayeri wanaweza kurudi nyumbani pamoja na ndoo zote mbili.

Hesabu yake siyo ngumu. Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za mita 2 na nusu. Mzunguko ni mita 14. Eneo lote la kuta ni mita za mraba 35. Ondoa mlango na dirisha, inabaki karibu 32. Litre moja ya rangi kwa kawaida inapaka mita za mraba 8 mpaka 10 kwa mkono mmoja, na ukuta unataka mikono miwili. Kwa hiyo unahitaji litre 7 ao 8 kwa jumla. Ukigawanya ukuta kwenye mita moja kutoka chini, buluu itachukua karibu litre 3 na krimu karibu litre 4 na nusu. Ukuta wa simenti ambao haujawahi kupakwa unanywa zaidi, hasa mkono wa kwanza. Fundi akikuambia ndoo moja ndogo inatosha, muulize ataongeza maji kiasi gani.

Buluu ina mtego mwingine. Mara nyingi buluu ya mbingu hainunuliwi ikiwa tayari. Fundi ananunua nyeupe, kisha anatia rangi ya tube kidogo kidogo na kukoroga kwa fimbo. Akichanganya ndoo ya kwanza leo na ya pili kesho, kuta mbili za chumba kimoja hazitafanana, na huwezi kurekebisha isipokuwa kupaka upya. Chombo kikubwa kitafutwe, rangi yote ichanganywe mara moja, na kopo moja libaki limefungwa vizuri kwa ajili ya kusahihisha alama baadaye. Krimu ikichanganywa kwa mkono ina shida hiyo hiyo, lakini ikikosewa kidogo macho yanasamehe. Buluu haisamehewi.

Tena tube zote siyo sawa. Simenti mpya na chokaa ni vikali kama magadi, na kuna rangi za buluu zinazoliwa na ukali huo mpaka zinapauka. Ile poda ya buluu ya kufulia nguo nyeupe, ambayo mama wengi wanaitia kidogo ndani ya chokaa ili ukuta ung'ae, inavumilia chokaa vizuri. Kwa tube, soma kama imeandikwa kwamba inafaa kwa simenti. Na ukuta uliopakwa simenti mpya uachwe ukauke karibu mwezi mzima kabla ya rangi yoyote.

Hapo tunafika kwenye maji. Tangu ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, nyumba nyingi za karibu na ukingo zimebaki na unyevu ndani ya kuta. Alama zake zinajulikana: poda nyeupe ya chumvi inayotoka chini ya ukuta, rangi inayovimba kama malengelenge, harufu ya kuoza kwenye kona. Ukuta wa namna hiyo usipakwe rangi ya mafuta, iwe buluu ao krimu. Rangi ya mafuta ni kama mufuko wa plastiki: maji yaliyo ndani ya tofali yanataka kutoka, yanazuiwa, yanasukuma rangi mpaka inaanguka. Baada ya miezi kadhaa pesa yako iko sakafuni.

Kwa ukuta uliolowa, chokaa ndiyo rafiki. Inaacha ukuta upumue, na ukali wake unazuia ile kuvu nyeusi kwa muda. Ina bei ndogo, na inaweza kurudiwa kila mwaka. Ubaya wake ni kwamba inapaka nguo ya anayeegemea, na haipendi kuoshwa. Anayeipaka ajifunge macho na mikono, sababu tone moja la chokaa ndani ya jicho linaweza kuliharibu. Chumvi ya ukutani ifagiliwe ikiwa kavu, isioshwe, sababu maji yanairudisha ndani.

Nyeupe yenyewe siyo ngeni hapa. Kabla ya ndoo za kenkayeri, Waluba na Watabwa walikuwa na pemba, ule udongo mweupe wa baraka, na katika vijiji vingi mama bado wanasiliba kuta za udongo kwa mikono, udongo mwepesi juu na mweusi ao mwekundu chini, pale mvua na mbuzi wanapogusa. Mgawanyo wa ukuta haukuletwa na wazungu peke yao.

Linabaki jambo moja zito kuliko yote, na halihusu uzuri. Ni risasi, yaani plomb. Kwa miaka mingi viwanda vilitia risasi ndani ya rangi ili ing'ae, ikauke mbio na idumu. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Tayari mwaka 1921 mkataba wa Shirika la Kazi la kimataifa ulikataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majumba, lakini nchi nyingi zilichelewa sana, na leo bado kuna rangi zinazouzwa na risasi ndani. Kipimo kinachopendekezwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ni kwamba risasi isipite sehemu 90 katika milioni moja.

Rangi zinazotiliwa mashaka zaidi ni za mafuta zenye kung'aa sana: manjano, rangi ya chungwa, nyekundu, na kijani kinachotokana na manjano. Krimu nyepesi na buluu ya mbingu haziko mbele kwenye orodha hiyo, na hiyo ni sababu moja ya kufurahi na mabishano ya mume na bibi wetu. Lakini hata hizo, zikiwa za mafuta, zinaweza kuwa na risasi iliyotiwa ili zikauke haraka. Kwa sehemu ya chini ya ukuta, pale mtoto mdogo anaposhika kisha anaweka mkono mdomoni, tafuta ndoo iliyoandikwa «sans plomb». Ndoo isiyo na jina la kiwanda wala maandishi yoyote, hata bei yake ikiwa nzuri namna gani, iachwe kwa mapipa ya nje.

Hatari kubwa zaidi inaweza kuwa tayari ukutani. Kalemie ina nyumba nyingi za zamani, tangu wakati mji ukiitwa Albertville na reli ilipofika hapa mwaka 1915. Rangi ya chini kabisa ya milango, madirisha na kuta za nyumba hizo ilipakwa wakati risasi ilikuwa kitu cha kawaida. Fundi akija na papiye vere na kuanza kusugua kavu, vumbi hilo linaenda kwenye sakafu, kwenye magodoro, kwenye sahani. Kama rangi ya zamani bado imeshika vizuri, ioshwe na sabuni na rangi mpya ipakwe juu yake. Kama inaanguka, ilowanishwe na maji kwanza, ikwanguliwe ikiwa imelowa, vipande viokotwe ndani ya mufuko, na sakafu ifutwe kwa kitambaa kilicholowa, siyo kufagia. Watoto na mama mwenye mimba walale kwa ndugu siku hizo.

Basi kabla ya kununua ndoo kubwa, omba kopo dogo la kila rangi. Tafuta vipande viwili vya triplex ao karto ngumu, angalau nusu mita kila upande, sababu kipande kidogo kinadanganya: rangi ya buluu ikienea ukuta mzima inaonekana imekolea kuliko ilivyokuwa kwenye kopo. Paka mikono miwili, acha ikauke mpaka kesho yake, sababu rangi nyingi za maji zinakolea zikikauka. Viegemeze kwanza karibu na dirisha, kisha kwenye kona ya giza. Vitazame saa mbili ya asubuhi, saa kumi ya mchana, na usiku chini ya lampe ile ile mnayotumia kila siku, siyo ile ya jirani. Na usiku huo mpe mtoto kitabu, mketishe mbele ya kila kipande, umuulize wapi anaona herufi vizuri.